Peugeot ya zamani, gia za leo: namna ya kuifunga bila kuiumiza fremu

Mwalimu mmoja wa sekondari aliikokota hadi bandani kwangu Ngamiani, hapa Tanga, tairi zote mbili zimelala na waya wa breki unaburuzika chini. Ilikuwa baiskeli nyeupe ya mbio ya Peugeot, usukani umejipinda kama pembe za kondoo dume, aliyoinunua kwenye mitumba ya Ulaya iliyoshushwa Dar. Kwenye bomba la siti bado ilikuwapo stika ya Carbolite 103, jina ambalo Peugeot walilipa chuma chao wenyewe. Mwalimu kwao ni Lushoto. "Fundi, nataka nipande nayo kutoka Mombo nisishuke kusukuma," akaniambia.

Nikazihesabu gia. Mbele meno 52 na 42, nyuma ile kubwa kuliko zote meno 24. Gawa 42 kwa 24, unapata 1.75, maana yake pedali ikizunguka mara moja gurudumu linakaribia kuzunguka mara mbili. Kwenda nayo Muheza, sawa. Lakini kutoka Mombo hadi Lushoto ni zaidi ya kilomita 30 za mlima na kona, na kwa gia ile magoti yatalia kabla hujaiona Soni. Nikamwambia inawezekana, ila asinunue kitu chochote mpaka nimalize kupima.

Naandika hapa nilivyoifanya kazi ile, kwa sababu fremu kama hizi zinazidi kuja na naona zinavyoharibiwa. Mtu ana fremu ya chuma iliyoungwa kwa shaba, imekaa miaka 40 bila ufa, halafu anaitoboa na kuichomelea kwa siku moja ili iingie kifaa ambacho mwakani hakitapatikana dukani. Mimi najiwekea sharti: kila ninachokifunga kiweze kufunguliwa, na vya zamani viweze kurudi mahali pake. Mara chache sharti hilo hulegea, na nitasema wapi.

Kupima

Unahitaji kalipa ya kupimia, rula ya chuma, uzi imara na daftari. Usiamini macho, wala usimwamini aliyekuuzia.

Niliwahi kuiharibu fremu ya mtu kwa sababu ya kutopima, na bado inaniuma. Ilikuwa ya Kifaransa kama hii. Nilinunua ekseli mpya ya kati, yaani ya pedali, yenye nyuzi za skrubu za Kiingereza, nikaanza kuifunga upande wa kushoto, ikaingia vizuri mizunguko mitatu kisha ikawa ngumu. Nikadhani ni kutu. Nikatia bomba kwenye spana ili nipate nguvu. Ilipotoka, ilitoka na vipande vya nyuzi za fremu, vinang'aa kama maganda ya samaki. Kosa lilikuwa langu lote. Nyuzi za Kiingereza zina kipenyo cha inchi 1.37 na zipo 24 kwa kila inchi. Za Kifaransa ni mm 35 kwa hatua, yaani nafasi kati ya uzi na uzi, ya mm 1. Zinakaribiana kiasi cha kudanganya mkono, lakini si kiasi cha kukubaliana.

Kwa hiyo, kabla ya yote, ijue fremu yako ni ya taifa gani pale kwenye ekseli ya pedali. Ya Kiingereza, ambayo ndiyo utakayoikuta pia kwenye fremu nyingi za Japani, upande wa cheni hufunguka kinyume: unazungusha kuelekea mwendo wa saa ndipo inalegea. Ya Kifaransa pande zote mbili zina nyuzi za kawaida. Ya Kiitaliano nayo ni ya kawaida pande zote, lakini ni pana zaidi, mm 36, na bomba lake lina urefu wa mm 70 badala ya 68. Ya Uswisi ina kipimo cha Kifaransa lakini upande wa cheni uko kinyume kama wa Kiingereza. Raleigh nyingi za zamani zilizotoka Nottingham, zile ambazo wazee wetu walipandia kwenda shamba, zina nyuzi 26 kwa inchi, kwa hiyo usinunue ya 24 kwa kuona tu zimeandikwa Uingereza.

Baada ya hapo nikaandika mengine. Upana wa nyuma kati ya midomo inaposhika ekseli ya gurudumu: mm 126. Bomba la siti kwa nje: mm 28.0, wakati fremu za Kiingereza na za Kijapani huwa 28.6. Shina la usukani linaloingia kwenye foku, ule uma wa gurudumu la mbele: mm 22.0, si 22.2. Ukiona tofauti ndogondogo kama hizi unaweza kuzidharau. Usizidharau. Nusu milimita ndiyo inayoamua kama bangili ya gia itashika au itateleza mlimani.

Kwa nini gia nane

Vijana wengi wakija wanataka gia 11 nyuma kwa sababu wameziona kwenye simu. Mimi huwashauri 8, au 9 wakikazana. Cheni ya gia 8 ni pana, karibu mm 7. Ya 11 ni mm 5 na nusu hivi. Kadiri cheni inavyokuwa nyembamba ndivyo direla, yaani ile mashine ya nyuma inayohamisha cheni, inavyotaka kukaa mahali pake bila kukosea hata kidogo, na fremu ya miaka 40 iliyosafiri ndani ya kontena chini ya baiskeli nyingine mia haikunyooka kiasi hicho. Kingine, mwili wa haba, yaani kitovu cha gurudumu, ya barabara ya gia 11 ni mrefu kwa mm 1.85 kuliko wa 8, 9 na 10, kwa hiyo gurudumu zuri la mitumba lenye haba ya kawaida halitaipokea kaseti yake, lile fungu la sproketi za nyuma. Na cheni ya gia 8 unaipata mjini hapa hapa hata ikikatika siku ya Jumapili.

Tukakubaliana: mikono ya breki yenye gia ndani yake ya Shimano Claris, direla ya Claris yenye mkono mrefu, kaseti ya meno 11 hadi 32, na mbele krenki, yaani mikono ya pedali na sproketi zake, ya meno 50 na 34. Gawa 34 kwa 32: unapata 1.06. Hapo mlima unazungumzika.

Krenki na ekseli ya kati

Krenki za zamani zilikuwa Stronglight, nzuri, za alumini. Hapa kuna mtego unaoua krenki nyingi. Kivutaji cha kawaida cha kutolea krenki kina nyuzi za mm 22. Tundu la Stronglight ya zamani ni mm 23.35, na lile la TA, Wafaransa wengine, ni mm 23. Ukitia kivutaji cha 22 ndani ya 23.35 kinacheza, nyuzi hazishikani sawasawa, ukilazimisha unaziharibu, na krenki imebaki pale pale. Nilimpelekea kipimo fundi mkereza vyuma, akanikerezea kivutaji cha 23.35 kutoka kwenye kipande cha chuma chakavu. Ninacho mpaka leo, nimekifunga kitambaa chekundu ili kisichanganyike na cha 22.

Vikombe vya ekseli kwenye fremu ile vilikuwa vizima. Nilipovifuta kwa mafuta ya taa na kupitisha kucha ndani ya njia ya gololi, kucha haikukwama popote. Vikombe vikiwa hivyo, visitoe. Vikombe vya Kifaransa ni adimu. Nilitupa gololi za zamani, nikatia mpya za robo inchi, 11 kila upande bila kile kikuku kinachozishika, nikazizamisha kwenye grisi, na nikabadilisha ekseli tu. Umbali kati ya sehemu mbili zinazokalia gololi lazima ulingane na wa ekseli ya zamani, kwa hiyo nenda nayo dukani mkononi.

Kichwa cha mraba cha ekseli nacho kina mila mbili, ya Kijapani na ya Ulaya. Zinafanana kwa macho. Ukiweka krenki ya Ulaya kwenye ekseli ya Kijapani itakaa nje kwa mm 4 na nusu hivi zaidi ya ilivyokusudiwa. Ukigeuza, krenki ya Kijapani itazama ndani na inaweza kugusa fremu. Krenki zetu mpya zilikuwa za mraba wa Kijapani, tukatafuta ekseli ya Kijapani. Ukishafunga, pima kutoka katikati ya bomba la siti hadi katikati ya sproketi mbili za mbele: inatakiwa ikaribie mm 43.5. Ikizidi sana, cheni italala upande na kupiga kelele kwenye gia za ndani.

Kikombe cha kulia cha Kifaransa, kwa kuwa nyuzi zake ni za kawaida, hulegezwa na mwendo wenyewe wa pedali. Kwa hiyo hata kama hukukitoa, kikaze kwa nguvu zako zote na spana inayokishika vizuri. Kama ulikitoa, tia gundi ya nyuzi.

Vikombe vikiwa vimekwisha, usikate tamaa. Velo Orange wa Marekani hutengeneza ekseli iliyofungwa isiyohitaji nyuzi kabisa: nusu mbili zinavutana zenyewe ndani ya bomba na kulibana. Na kama fremu yako ni ya Kiingereza, mambo ni mepesi, nunua ekseli ya Shimano iliyofungwa ya mm 68, uifunge, usahau. Zile krenki za kisasa zenye ekseli nene ya mm 24 na beringi zilizokaa nje ya fremu zinataka kingo za bomba zichongwe ziwe sambamba kabisa. Fremu ya zamani yenye rangi iliyojaa kingoni itazila beringi hizo upesi, na kwenye fremu ya Kifaransa sizishauri.

Kutanua nyuma

Hapa ndipo sharti langu hulegea, na ni kwa chuma tu. Alumini na kaboni usithubutu.

Haba ya kisasa ya barabara inataka mm 130. Sisi tulikuwa na 126. Tofauti ni milimita mbili kila upande, na wapo wanaolazimisha gurudumu liingie kwa kuvuta fremu kwa mikono kila wanapoziba pancha. Linaingia kweli. Lakini midomo ya fremu inakaa ikitazama nje kidogo, ekseli inapindishwa kila siku, na ukipata pancha usiku kwenye mvua utaijutia. Bora utanue mara moja.

Natumia chuma cha nyuzi cha mm 10, kirefu kama mkono kuanzia kiwiko, na nati mbili na washa nene mbili. Kinapita katikati ya midomo miwili, nati zikiwa ndani, zinasukuma nje. Chuma kina tabia ya kurudi. Ukikisukuma hadi 130 na kuachia, kitarudi 126 kana kwamba hukukigusa. Utafika 140, kitarudi. Utapita hapo zaidi, na ghafla siku hiyo utakapoachia utakuta 127. Kuanzia hapo twende pole pole: zungusha nati nusu, legeza zote, pima, andika. Nilichukua saa nzima kufika 130, na ningeweza kuchukua dakika tano nikaiharibu. Tazama pia kile kibomba kidogo kinachounganisha mabomba ya nyuma karibu na ekseli ya pedali, na kile cha breki juu. Rangi ikianza kupasuka maungioni pake, simama.

Halafu uzi. Funga uzi kwenye mdomo wa kulia wa nyuma, upeleke mbele, uzungushe kwenye bomba la shingo, urudi nao hadi mdomo wa kushoto, uvute uwe kama uzi wa gitaa. Sasa pima kwa rula kutoka kwenye uzi hadi bomba la siti, kulia na kushoto. Kwetu kulia ilikuwa mm 30, kushoto 33. Maana yake upande wa kushoto ulikubali kutanuka kuliko wa kulia, jambo la kawaida kwa sababu mabomba hayalingani nguvu. Nililaza fremu kwenye benchi lenye matambara, nikatumia ubao wa mninga kama wenzo kulirudisha bomba la kushoto ndani kidogo, na la kulia nje kidogo, mpaka pande zote zikasoma 31 na nusu na katikati bado 130.

Midomo yenyewe lazima itazamane. Chukua bolti mbili ndefu, ifunge moja kila mdomo kwa nati mbili, ncha zikikutana katikati. Zikipishana, pindisha mdomo taratibu kwa spana kubwa ya kurekebisha mpaka ncha zitazamane kama vidole viwili.

Magurudumu na breki

Baiskeli ilikuja na rimu za chuma zenye kromu, za inchi 27. Kwenye mvua za masika breki juu ya kromu ni kama kushika samaki kwa mikono yenye sabuni. Rimu za alumini ni jambo la uhai, zaidi sana kwa mtu anayeteremka kutoka Lushoto.

Sasa kuhusu namba za tairi, sikiliza vizuri. Inchi 27 ni kipenyo cha mm 630 pale tairi inapokaa. Gurudumu la barabara la kisasa, 700C, ni 622. Ile "28" ambayo muuzaji atakupa, ya baiskeli zetu nzito za mizigo, ni 635. Namba hizi tatu hazibadilishani hata kwa nyundo. Tairi imeandikwa ubavuni, kwa mfano 28-622: upana kwanza, kipenyo baadaye. Soma hiyo ya pili, nyingine zote ziache.

Kutoka 630 kwenda 622 rimu inashuka mm 4 kutoka zilipo breki. Faida yake unapata nafasi ya tairi nene, tukaweka ya upana wa mm 28 bila kugusa popote. Hasara yake mpira wa breki sasa unagonga tairi badala ya rimu. Tia gurudumu jipya, pima kutoka katikati ya tundu la bolti ya breki hadi katikati ya uso wa rimu. Mbele nilipata mm 58, nyuma 63. Breki za kawaida za mbio za leo hufika 39 hadi 49 tu. Zipo ndefu za 47 hadi 57. Sisi tulihitaji ndefu zaidi, Tektro R559, zinazofika 55 hadi 73.

Na hapa ndipo drili inapotolewa ovyo. Breki za kisasa nyingi zina bolti fupi na nati ndefu inayozama ndani ya foku, kwa hiyo zinataka tundu la mm 8 upande wa nati. Fremu ya zamani ina tundu la mm 6 moja kwa moja. Mtu anachukua drili, anatoboa pande zote mbili, na bolti inabaki ikicheza. R559 ipo pia ya bolti ndefu na nati ya nje, inaingia kwenye tundu la zamani bila kukwaruza rangi. Tafuta hiyo. Ukishindwa kabisa, toboa uso wa nyuma tu wa foku, na kwa breki ya nyuma toboa ule uso wa kibomba unaotazama bomba la siti, ukiacha uso wa pili na mm 6 zake.

Angalia pia mikono ya breki na breki zenyewe ziwe za zama moja. Mikono mipya ya Shimano huvuta waya mwingi kuliko ya zamani, na ukiifunga na breki za zamani utaona mkono unakuwa mgumu na baiskeli haisimami.

Sikio la direla

Fremu za Peugeot za miaka ile zilitengenezwa kwa direla za Simplex, na tundu la sikio linaloning'iniza direla halina nyuzi. Direla ya Shimano inataka nyuzi za mm 10 kwa hatua ya mm 1. Nilitia tapu, kifaa cha kukatia nyuzi, nikaenda robo mzunguko mbele, nyuma kidogo kutoa unyoya wa chuma, mafuta, tena mbele. Baadaye nikachonga kwa tupa ndogo ukingo wa kusimamisha direla. Hili halirudi, na nilimwambia mwalimu kabla ya kuanza. Kama hutaki, kuna kipande cha bamba kinachofungwa na nati ya gurudumu na kubeba direla. Hakitulii sana, lakini kinafanya kazi.

Kisha sikio linyooshwe. Gia zinazoingia kwa mlio, hatua kwa hatua, hazisamehe sikio lililopinda. Kifaa maalumu sina, natumia gurudumu jingine la nyuma lenye ekseli ya mm 10 hatua 1, ambayo ndiyo ya magurudumu mengi ya nati. Ncha ya ekseli unaifunga ndani ya sikio lenyewe, na sasa una magurudumu mawili yamesimama ubavu kwa ubavu. Pima nafasi kati ya rimu hizo mbili juu, chini, mbele na nyuma. Pote pawe sawa. Pasipokuwa sawa, hilo gurudumu la nje ndilo mkono wako wa kunyooshea: lishike, lisukume kidogo, pima tena.

Direla ya mbele inakuja na bangili ya 28.6, nasi bomba letu ni 28.0. Nilikata kopo la soda kwa mkasi, kipande cha upana wa bangili, nikakizungusha mara tatu kwenye bomba. Kopo lina unene wa karibu mm 0.1, kwa hiyo mizunguko mitatu inaziba mm 0.3 kila upande, hesabu inatimia. Paka grisi katikati ili alumini isiungane na chuma kwa chumvi ya hewa yetu ya pwani. Bangili ya kushikia nyaya, iliyochukua nafasi ya vile vijiti vya gia kwenye bomba la chini, niliifunga hivyo hivyo.

Usukani na nyaya

Usukani wa alumini wa miaka 40 sitaki mtu ateremke nao mlima. Ule wa mwalimu ulikuwa na mstari mwembamba pembeni mwa mdomo wa shina, pengine mkwaruzo, pengine ufa. Tukaubadilisha pamoja na shina lake. Shina jipya ni la 22.2 na foku ya Kifaransa inataka 22.0. Unalipunguza shina, kamwe si foku: msasa wa 80 kuzunguka pande zote sawa, kisha 240, unajaribu, unapiga tena, mpaka liteleze kwa mkono bila kucheza. Jaza grisi. Lisitoke juu kupita alama iliyochorwa. Vikombe vya shingo vya Kifaransa niliviacha, nikabadilisha gololi na grisi tu.

Kava za nyaya ni za aina mbili na hazibadilishani. Ya breki ni nene, mm 5, ndani yake kuna chuma kilichozungushwa kama springi. Ya gia ni mm 4, ndani yake nyuzi za chuma zimelala kwa urefu. Ukitia ya gia kwenye breki, siku ya kubana kwa nguvu inapasuka, na siku hiyo ndiyo uliyoihitaji. Kata kwa koleo kali, nyoosha mdomo wa kava kwa tupa, uufungue kwa msumari. Kwa kupitisha nyaya karibu na ekseli ya pedali, kibangili cha zamani cha juu ya bomba kinatosha kabisa. Sikutoboa chini ili kufunga kile cha plastiki cha kisasa.

Marekebisho ya mwisho ya direla fundi yeyote anayajua, sitayarudia. Neno moja tu: cheni ikisitasita kati ya gia mbili, usikimbilie bisibisi. Rudi kwenye sikio, kisha kwenye kava, halafu ndipo uguse skrubu.

Mwalimu alikuja kuichukua Ijumaa baada ya swala. Nikamwambia aende nayo kilomita 50 za tambarare kwanza, kwa sababu nyaya mpya hutanuka, spoku hujipanga na krenki za mraba hukaa vizuri baada ya kubebeshwa uzito. Alirudi wiki iliyofuata. Bolti ya krenki ya kushoto ilikubali robo mzunguko, waya wa direla ya nyuma uliongezwa mizunguko miwili ya kidude cha kukazia, breki ya mbele nikaisogeza nywele moja kulia. Vitu vyake vya zamani nilikuwa nimevipaka grisi na kuvifunga kwenye kiroba cha sukari: krenki za Stronglight, ekseli, direla, vijiti vya gia, breki, usukani na shina lake. Rimu za kromu tulizifunga kwa kamba pembeni. Akavipakia vyote kwenye bajaji, yeye akapanda Peugeot, bajaji ikamfuata nyuma.